Sekunde Thelathini za Nyuma

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatano, niliwasha kompyuta yangu ya kurekodia nikakuta si yangu tena. Kioo kilikuwa cheusi, na juu ya weusi huo kulikuwa na mistari ya zambarau inayong'aa kama taa za baa. Maneno yalikuwa yameondoka. Mahali pake palikuwa na alama ndogo ndogo, moja mfano wa mkasi, nyingine mfano wa jani, na nyingine ambayo hadi leo sijui ilikuwa mfano wa nini. Niliangalia saa ya ukutani, kwa sababu ndiyo tabia yangu: jambo likiharibika, kwanza naandika saa. Niliiandika kwenye daftari, kisha nikakaa.

Saa nne ilikuwa ifike kwaya ya akina mama kutoka Kagunga. Walikuja kwa boti siku iliyotangulia, wakalala kwa ndugu zao, na boti ya kurudi ingeondoka bandari ndogo ya Kibirizi saa nane mchana. Walitaka nyimbo tatu tu. Haraka yao ilikuwa na sababu moja. Mwanzishaji wao, mama wa miaka sitini na kitu, alikuwa na uvimbe wa tezi shingoni, mkubwa kiasi cha ngumi ya mtoto, na alikuwa amepangiwa kupasuliwa Ijumaa. Daktari alimwambia bila kumficha kwamba mishipa ya sauti inapita jirani kabisa na uvimbe ule, na kwamba akiamka anaweza kuwa na sauti ile ile, au nyingine, au kidogo tu. Alikuwa ameanzisha nyimbo za kwaya ile tangu akiwa msichana. Hakuna aliyewahi kumrekodi, isipokuwa kwa simu, harusini, huku sufuria zikigongana. Alitaka wajukuu wabaki na kitu. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa mbele yangu asubuhi ile.

Nyumba yangu iko Mwanga, hapa Kigoma mjini, nyuma ya soko. Chumba cha mbele natengeneza redio. Vyumba viwili vya nyuma ndiyo studio: kimoja cha kuimbia, na kimoja, kidogo kuliko bafu, ambamo nakaa mimi na kompyuta. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilisoma maelezo ya programu ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni, nikajaribu jambo moja kwa siku na kuandika matokeo. Kuta zangu nimezifunika mablanketi ya zamani na mabaki ya magodoro. Mjini hapa kuna studio nyingine zilizobandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini, na taa za rangi zinazobadilika. Trei za mayai hazizuii sauti. Zinafuga mende tu. Na taa sijawahi kuzisikia kwenye wimbo wowote.

Nieleze kidogo jinsi nilivyoipanga programu ile, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Programu ya kurekodia, ikitoka kwa walioitengeneza, imepangwa kwa ajili ya mtu mmoja aliye mbali sana na sisi: kijana mwenye gitaa, amekaa peke yake chumbani, anajibonyezea kitufe mwenyewe na ana siku nzima. Mimi si huyo, na watu ninaowarekodi si huyo. Kwa hiyo niliibadili. Maneno niliyoyatumia kila siku niliyageuza kuwa ya Kiswahili, mia moja na kumi na mawili kwa hesabu: Rekodi, Sikiliza, Nyamazisha, Rudi Mwanzo. Kitufe cha kurekodi nilikikuza kikawa kama kiberiti, kikakaa kona ya juu kushoto. Kitufe cha kusimamisha nilikiondoa kabisa kwenye kioo. Kusimamisha kulihitaji mikono miwili na vitufe viwili, kama kufungua kitasa kibovu, kwa sababu nimeona kazi nyingi zikifa kwa kidole kimoja kilichoteleza. Mstari wa mwanzishaji ulikuwa mwekundu na wa juu kabisa, siku zote, ili jicho lisiutafute.

Na kulikuwa na zile sekunde thelathini. Kwaya za vijiji vya ufukweni haziongozwi kwa hesabu wala kwa taa. Mwanzishaji anakohoa, anaangalia chini, ananyamaza kadiri apendavyo, halafu anatoa mstari wa kwanza peke yake, na kwaya inamdaka. Mimi nimekulia Ujiji kwenye kaswida na kwetu ni hivyo hivyo. Hakuna anayejua ataanza lini, hata yeye mwenyewe. Na wimbo ukishaanza hawaukatizi. Kumwambia mwanzishaji arudie kwa sababu mashine haikuwa tayari ni sawa na kumkatiza mtu katikati ya sala: hagombi, lakini anakaa chini, na kilichokuwa kinakuja hakiji tena siku hiyo. Niliharibu kwaya mbili kabla ya kulielewa hilo. Ndipo, ndani kabisa ya mipangilio, nikakuta kisanduku kinachoifanya programu isikilize maiki wakati wote na kushika sekunde chache zilizopita, hata kama hujabonyeza chochote. Ukichelewa kubonyeza, inarudi nyuma kuziokota. Nikaandika thelathini. Tangu siku hiyo hakuna mwanzo ulionipita.

Mipangilio yote hii ilikuwa sehemu mbili: kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, na ndani ya kompyuta, kwenye folda niliyoipa jina Usiguse.

Aliyegusa alikuwa mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake mke wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kwa wiki mbili. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mchangamfu, na alikuwa amesoma mambo ya sauti kwa miezi mitatu mahali fulani wanakotoa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Cheti hicho nilikiona kwenye simu yake mara nne. Kofia yake ilikuwa na maandishi ya kampuni ya spika, na hakuivua hata mezani. Mtu mbaya hakuwa. Mtu mbaya ningemfukuza.

Aliingia akiwa na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi.

"Umeionaje, kaka mkubwa? Sasa hata mteja akichungulia anajua yuko studio."

Nilimwuliza ilikokwenda folda iliyoandikwa Usiguse.

"Ile niliifuta," akasema. "Mafaili ya zamani tu, yalikuwa yanajaza nafasi."

Alieleza kazi aliyoifanya jana yake, nilipokuwa Ujiji msibani, kwa utaratibu kabisa, na lazima nikiri kwamba alikuwa amefanya kazi nyingi. Alibadili rangi. Aliondoa maneno. Alirudisha njia za mkato za vitufe ziwe kama za studio kubwa, ili siku moja, alisema, nikipelekwa huko nisiaibike. Aliweka mtambo wa kuhesabu: ukibonyeza kurekodi, programu inagonga mapigo manane ya taratibu, na inaanza kushika sauti baada ya pigo la nane. Aliweka kifaa cha kufuta ukimya, ambacho kila penye sauti ndogo kuliko kiwango fulani kinakata na kutupa. Aliipa programu amri isihifadhi nakala ya asili, ili diski isijae. Sekunde thelathini alizizima. Alisema ni jambo la watu waliolala.

Kilichomfurahisha kuliko vyote ni maneno yangu ya Kiswahili. Alisema alipoona kitufe kimeandikwa Nyamazisha alicheka peke yake hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

"Nilijiuliza, hii ni kompyuta au mwalimu wa zamu?"

Nilimwambia nahitaji saa moja kurudisha angalau yaliyo ya lazima. Akashangaa kikweli. Alisema nijaribu kwanza, nitaona. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na sinia, alinitazama kwa yale macho ninayoyajua, akasema kwa sauti ya chini kwamba mgeni alikesha akinifanyia kazi bila kuombwa, na kwamba mimi ni mtu mgumu kushukuru. Hilo la pili ni kweli. Hapo hapo hodi ikapigwa. Ilikuwa saa nne kamili. Watu wa Kagunga wanaotegemea boti hawachelewi.

Waliingia kumi na wawili, wamevaa vitenge vya sare, wameshika viatu mkononi kwa ajili ya tope la nje. Walisalimiana na mke wangu kwa Kiha, wakaulizana habari za watu nisiowajua. Mwanzishaji aliingia wa mwisho. Alikuwa mwembamba, na alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, si kwa kuficha, kwa sababu kilikuwa cha njano kali.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, fundi. Tumekuletea kelele."

Sauti yake ya kuongea ilikuwa ya kawaida kabisa. Aliniambia pale pale, kama mtu anayetaja bei ya dagaa, kwamba pumzi yake inatosha nyimbo tatu kwa siku, na ya nne haipo, kwa hiyo tusichezee.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na sitalipaka rangi. Mwanyumba alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu. Akina mama walikuwa wameshasimama kwenye chumba cha kuimbia. Ningeweza kusema: toka hapo, subirini saa moja, mtu huyu ameniharibia kazi. Sikusema. Nilijiambia kwamba huyu ni mwanyumba wangu, kwamba yuko nyumbani kwangu, kwamba mke wangu anasikia, kwamba huenda alichokifanya kina nafuu yake. Nilimwomba tu aondoe kile kifaa cha kufuta ukimya. Akasema sawa, akabonyeza kitu. Kwenye ile alama ya jani, nadhani. Mimi nikaenda kusimama na akina mama, kupanga maiki na kushika mlango usilie.

Aliwaeleza kupitia spika ndogo kwamba watasikia mapigo manane, na baada ya la nane mama aanze. Mwanzishaji akaitikia kwa kichwa. Alivalishwa hedifoni juu ya kilemba. Tukasubiri. Nilimwona akiinua uso, akageuka kuelekea mlangoni, akasema kwa adabu, "Karibu."

Hakuna aliyeingia. Akasema tena karibu, kwa sauti ya juu zaidi, kisha akavua hedifoni akaniuliza kwa nini nimesimama mlangoni na simfungulii mgeni. Kwaya yote ikacheka. Nikamweleza kwamba aliyegonga ni mashine.

Alimgeukia mwanyumba kwenye kidirisha cha kioo. "Mwanangu, huko kwenu mtu akitaka kuimba, anapigiwa hodi kwanza?"

Wakacheka tena, na mwanyumba akacheka nao, na huo ulikuwa wakati wa pili ambapo ningeweza kusimamisha mambo. Yeye akapata ufumbuzi: akayaondoa mapigo kwenye hedifoni ya mama ili asisumbuke. Hakuyaondoa kwenye programu. Kwa hiyo mashine ilikuwa bado inahesabu mapigo yake manane, peke yake, ndani ya sanduku lake, na hakuna aliyeyasikia isipokuwa mtu aliyekuwa anatikisa kichwa kuyafuata huku amefumba macho.

Mwanyumba alinyoosha kidole gumba kwenye kidirisha, akabonyeza. Mwanzishaji alikohoa, akaangalia chini, akaanza.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nimerekodi watu wengi na sina desturi ya kusifu. Mstari ule wa kwanza ulitoka chini, karibu na maongezi, ukapanda bila kuonyesha mahali ulipopandia, na ulipofika juu haukuwa mkubwa. Ulikuwa mwembamba na umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kisha kwaya ikamdaka. Kila baada ya kiitikio alirudi peke yake, na kila aliporudi aliimba taratibu zaidi, hadi mwisho alikuwa anaimba kwa sauti ambayo ungemsemesha nayo mtoto aliyesinzia. Uvimbe ulikuwa unapanda na kushuka chini ya kile kitambaa cha njano. Wimbo ulichukua dakika sita. Ulipokwisha hakuna aliyesogea, na mimi niliuachia mlango ukalia.

Tukaenda kusikiliza. Wimbo ulianza kwenye kiitikio. Ulianza katikati ya neno, kwaya nzima ikiwa imeshafungua kinywa, kama redio iliyowashwa ghafla. Mstari wa mwanzishaji, uliokuwa sasa wa zambarau na wa tano kutoka juu, ulikuwa umejaa matundu mfano wa wavu ulioburutwa kwenye mawe. Kila aliposhuka, mashine ilikuwa imeona ni ukimya, ikakata, ikatupa. Ubeti wa mwisho haukuwepo kabisa. Palikuwa na pumzi mbili, kisha kwaya.

Niliuliza nakala ya asili iko wapi, ingawa nilijua. Mwanyumba alifungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine, akarudi kwenye ule wa kwanza. Akasema, kwa sauti isiyo na kofia tena, kwamba huenda nyuma kuna namna ya kuirudisha. Hapakuwa na namna. Na mstari wa kwanza haukufutwa na mtu, haukuwahi kushikwa. Haukuwepo mahali popote duniani isipokuwa kwenye masikio ya watu kumi na watatu tuliokuwa chumba cha kuimbia.

"Basi mama arudie tu," akasema. "Dakika sita si kitu."

Akina mama walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyeingia kanisani na baiskeli. Mwanzishaji alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono umelala juu ya kile kitambaa.

"Huo nimeshauimba," akasema.

Nilimwomba mwanyumba aondoke kwenye kiti. Niliomba kwa heshima. Sijui kwa nini bado niliona haja ya heshima. Nikafungua daftari. Nilipiga hesabu: kurudisha kila kitu kungechukua saa mbili, kurudisha yaliyo ya lazima kungechukua dakika hamsini. Nikachagua ya lazima. Nikawaambia akina mama ukweli wote kwa sentensi tatu, nikawauliza kama watasubiri. Mmoja wao alisema ziwa halihami. Mke wangu, ambaye macho yake yalikuwa sasa yanatazama mahali pengine, alileta ugali na samaki, migebuka ya ziwani. Mwanyumba aliomba pesa akawanunulie soda, nikampa, akarudi nazo baridi, na hilo alilifanya vizuri.

Kisha alisimama nyuma yangu akauliza asaidie nini. Nikampa daftari anisomee. Alisoma kurasa kumi na moja, moja baada ya nyingine: zima hiki, washa kile, namba hii, jina lile. Alisoma polepole, na kila alipofika kwenye sababu, kwa maana huwa naandika na sababu, sauti yake ilipungua. Kitufe cha kusimamisha kiondolewe, kwa sababu ya siku ile kiwiko kilipogusa. Mapigo yasitumike, kwa sababu waimbaji wa hapa hawahesabiwi. Kufuta ukimya marufuku, kwa sababu wazee huimba chini. Alipofika kwenye sekunde thelathini alisita.

"Lakini kaka mkubwa, kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba folda iliitwa Usiguse. Kwamba mtu akikuta nyumba imepangwa huuliza kwanza kabla ya kuhamisha vitanda. Kwamba kuna watu wanaodhani kifaa ni kile kinachoonekana, na wakishakipaka rangi wanadhani wamekijua, na mji huu, kama miji yote, umeanza kujaa watu hao, wenye taa za zambarau na vyeti vya dhahabu, wasiojua mtu anaanzaje kuimba. Sikusema hata moja kati ya hayo. Nilikuwa na kazi.

Kilichobaki kilikuwa ni kupima maiki. Kioo kilikuwa bado cheusi na zambarau. Rangi sikuzigusa, hazikuwa za lazima. Lakini mstari mwekundu ulikuwa umerudi juu, na kile kiberiti kilikuwa kwenye kona yake. Nilikuwa naandika kiwango cha maiki ya tatu kwenye daftari, kichwa kimeinama, kalamu mkononi, niliposikia mwanzishaji amekohoa. Kabla sijainua uso alikuwa ameanza.

Hakuniuliza kama niko tayari. Hakutazama kidirisha. Alikuwa amekula vipande viwili vya samaki na kunywa maji ya uvuguvugu, na wimbo ukamjia, akauanzisha, kama ambavyo angeuanzisha mahali popote. Niliangusha kalamu, nikabonyeza. Kwa saa ya kompyuta nilichelewa sekunde kumi na moja. Programu ikarudi nyuma, ikaziokota zote kumi na moja, na kikohozi chake kikiwa mbele. Nilikiona kwenye kioo, kilima kidogo chekundu peke yake, halafu uwazi, halafu sauti. Mwanyumba alikuwa amesimama nyuma yangu na alikiona pia. Safari hii hakufumba macho.

Wimbo wa tatu aliuanza nikiwa tayari, baada ya kupumzika kidogo. Katikati sauti ilimkatika mara moja akaidaka mwenyewe, na sikuondoa mahali hapo, wala hakuniomba. Saa saba na robo walikuwa wanavaa viatu. Walishuka Kibirizi wakawahi boti. Yeye alibaki mjini kwa dada yake kusubiri Ijumaa.

Mwanyumba aliondoka kwa treni wiki iliyofuata. Baadaye mke wangu alinionyesha picha ambayo mwanyumba huyo aliirusha kwa jamaa zake: amekaa kwenye kiti changu, kofia kichwani, ule weusi na zambarau nyuma yake, na maneno kwamba amerekodi kwaya ya kijijini Kigoma. Watu wengi walikuwa wameweka mioyo chini yake. Niliirudisha simu mkononi mwake. Folda ya Usiguse nimeitengeneza upya, na sasa iko sehemu tatu, na kompyuta ina nywila. Nywila nilipaswa kuiweka tangu mwanzo. Mtu anayeandika sababu ya kila kitu kwenye daftari na kuacha mlango wazi hana haki kubwa ya kuwacheka wengine, ingawa mimi naendelea kuwacheka.

Wiki tatu baadaye mwanzishaji alikuja, na kitambaa kile kile cha njano shingoni, sasa kimelala tambarare. Alinisalimu, nikajua kabla hajamaliza salamu. Sauti ilikuwepo, lakini ilikuwa ya upepo, kama ya mtu anayeongea akiwa ameshikilia mlango mzito. Daktari alimwambia inaweza kurudi kidogo. Alitaka kusikiliza.

Nilimwekea wimbo wa pili na wa tatu kwenye spika kubwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kwenye kikohozi alitabasamu. Kisha akaomba wa kwanza. Nilimweleza kwamba ule haufai kitu, akaomba tena. Nikauweka kama ulivyo. Kwaya ililipuka kutoka katikati ya neno, sauti yake ikaja na kupotea, ikaja na kupotea, na ubeti wa mwisho ukawa ni zile pumzi mbili.

Nilimwambia kuna njia. Mmoja wa kwaya mwenye sauti inayokaribia yake angeweza kuja kuimba mstari wa kwanza na zile sehemu zilizokatika, nikazipachika, na mjukuu asiyejua asingejua. Nilikuwa nimeshaifikiria kazi hiyo kwa siku kadhaa na kuandika jinsi ya kuifanya.

Alitikisa kichwa. Ilibidi nisogee karibu ili nimsikie.

"Acha pawe wazi," akasema. "Wakiuliza, nitawaambia pale kwenye kiti alikaa nani."

Hakusema kiti ni cha nani, na hakuhitaji. Nilimpa nyimbo zake kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, zote tatu, ule wenye matundu ukiwa wa kwanza kama alivyotaka. Nilimrudishia malipo ya wimbo mmoja, akayahesabu, akayafunga kwenye pindo la kitenge bila kunishukuru, na alikuwa sahihi. Jioni ile nilifunga ukurasa wa Jumatano ile kwenye daftari: malipo yaliyorudishwa, shilingi elfu thelathini, soda kumi na moja, kwa sababu yeye alikunywa maji, shilingi elfu saba na mia saba, hasara yote, shilingi elfu thelathini na saba na mia saba.